Kano ya nyonga na mkeka wa kazi: kisa cha msuka makawa wa Bombo

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 56, mkazi wa Bombo katika wilaya ya Luweero, aliyekuja kutibiwa maumivu ya pembeni mwa nyonga ya kulia yaliyokuwa yamemsumbua kwa miezi 14. Nitamwita Hajati, kama anavyoitwa mtaani kwake. Mambo machache ya maisha yake nimeyabadilisha ili asitambulike, na ameridhia kisa kiandikwe. Tatizo lake, ugonjwa wa kano za pembeni mwa nyonga (kamba zinazounganisha misuli na mfupa), ni la kawaida sana kwa wanawake wa umri wake, tiba yake inajulikana na imepimwa, na bado alizunguka zaidi ya mwaka mzima bila mtu kumuuliza anakaaje. Tiba yenyewe ni mazoezi yanayoongezwa uzito polepole, pamoja na elimu kwa mgonjwa. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba hiyo elimu ni nusu nzima ya dawa, na haifanyi kazi mpaka ishonwe upya ilingane na maisha ya mtu. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya anayekaa kwenye kochi hayamsaidii anayeshinda mkekani.

Historia yake

Hajati ni Mnubi. Bombo iko kando ya barabara ya Kampala kwenda Gulu, na wanawake wa Kinubi wa pale wanajulikana kwa kazi ya mikono: makawa ya kufunikia chakula, sinia za kusuka, vikapu vya rangi kali. Mimi Kinubi sikijui, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, Kiswahili chake cha Bombo na changu cha hospitali.

Anasuka tangu utotoni. Hukaa chini, mgongo ukiegemea ukuta, magoti yote mawili yameelekea kushoto na nyayo ziko kulia. Ndivyo mwanamke anavyofundishwa kukaa kwa heshima katika sehemu kubwa ya Uganda, awe Mnubi, Mganda au Msoga. Mikono inakwenda mbio, miguu imetulia. Kwa miaka mingi mkao huo haukumdhuru. Kisha binti yake akampatia wateja wa Kampala, oda zikaongezeka, akawa anaanza kusuka baada ya swala ya alfajiri hadi karibu na adhuhuri, na tena alasiri mpaka giza. Wakati huohuo mjukuu wa miaka miwili akaletwa alelewe nyumbani. Hajati ni mashoto, kwa hiyo alimbeba mtoto ubavuni upande wa kulia ili mkono wa kushoto ubaki huru kwa kazi za jikoni.

Maumivu yalianza kidogokidogo. Hakuanguka wala hakujigonga. Nilipomwomba anionyeshe mahali, aliweka kiganja chote juu ya mfupa ule unaojitokeza pembeni mwa nyonga, akakishusha pembeni mwa paja hadi karibu na goti, hapo akaishia. Usiku ndio uliomtesa. Akilalia kulia anaamka. Akigeukia kushoto anaamka pia, ila baada ya muda mrefu zaidi. Akiinuka kutoka mkekani hatua za kwanza anachechemea. Kupanda taksi (basi dogo la abiria) yenye ngazi ndefu ilikuwa shida, lakini kuinama kuvaa viatu hakukuwa na shida yoyote. Swali hilo la viatu nilimuuliza mara mbili kwa makusudi, na nitaeleza sababu yake.

Alikuwa amepita kwingi. Mahali pa kwanza aliambiwa ni mshipa wa kiuno, akadungwa takoni sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa siku kadhaa. Zahanati nyingine ilimpiga eksirei ya mgongo, ikamwambia pingili zimesagika, akauziwa mkanda wa kufunga kiuno na vidonge vya vitamini. Majirani walimwambia maji ya mifupa yameisha. Mwanamke wa kukanda alimsugua juu ya mfupa wenyewe kwa mafuta na maji ya moto, kwa nguvu, mpaka ngozi ikavimba. Kijana mmoja wa ukoo alimfundisha kulala chali na kuvuta goti la kulia kulipeleka bega la kushoto, akaambiwa afanye hivyo kila asubuhi hata kikiuma. Mwishowe alidungwa sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, penyewe nyongani. Alilala usingizi mzuri kwa wiki sita hivi. Kisha maumivu yakarudi yalivyokuwa. Alipofika kwangu, binti yake aliyemsindikiza alitaka jambo moja tu: mama adungwe tena.

Ana kisukari, anameza metformini. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 52.

Uchunguzi

Kabla ya kuiita nyonga yenye maumivu ugonjwa wa kano, kuna mambo ambayo mtaalamu anayefanya kazi Uganda hana ruhusa ya kuyaruka. Homa, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku vinanipeleka kwenye kifua kikuu cha mifupa. Selimundu ikiwemo kwenye ukoo nawaza kichwa cha mfupa wa paja kilichokufa kwa kukosa damu. Historia ya saratani, kuanguka hata kudogo kwa mtu mwenye mifupa dhaifu, na matumizi ya muda mrefu ya vidonge vya steroidi, yote yanaulizwa. Mimi huuliza pia kuhusu sipro, antibiotiki ambayo hapa kwetu watu wengi huinunua dukani bila cheti. Dawa za kundi lake zinaweza kudhuru kano, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo kali kwa sababu hiyo. Hajati hakuwa na lolote kati ya hayo.

Uchunguzi wa mwili ulifanyika binti yake akiwepo, mlango umefungwa. Nyonga ilizunguka vizuri pande zote, na hakukuwa na maumivu kwenye kinena. Ugonjwa wa kulika kwa kiungo chenyewe cha nyonga kwa kawaida huuma kinenani, hukaza mzunguko, na humfanya mtu ashindwe kufikia mguu wake avae kiatu. Ndiyo maana ya lile swali. Kuinua mguu ulionyooka akiwa chali hakukuleta maumivu ya kushuka mguuni, hakuwa na ganzi, na nguvu za kifundo na vidole vya mguu zilikuwa sawa pande zote mbili. Mishipa ya fahamu ya mgongo haikuwa na kesi hapa. Eksirei aliyokuja nayo ilionyesha mabadiliko ambayo mgongo wa mtu yeyote wa miaka 56 unaweza kuyaonyesha, na hayakuelezea maumivu yaliyo pembeni mwa paja.

Nilipobonyeza nundu ya mfupa wa paja alisema, "Hapohapo, musawo," yaani daktari. Kisha nikamwomba asimame kwa mguu wa kulia peke yake, kidole kimoja kikigusa ukuta, kwa sekunde 30. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala pesa, na kwa maoni yangu hakuna kinachokishinda kwa mgonjwa wa namna hii. Kwenye sekunde ya 8 maumivu yake yaleyale yalitokea, na nyonga ya kushoto ikashuka. Mguu wa kushoto ulimaliza sekunde 30 bila tatizo. Akiwa amelala ubavu, kuinua mguu wa kulia dhidi ya mkono wangu kulikuwa dhaifu na kulimuuma.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, haikuhitajika. Ni ghali, na jibu lake lisingebadilisha nilichotaka kufanya. Isitoshe, watu wengi wasio na maumivu yoyote wana kano zinazoonekana na kasoro kwenye picha.

Kinachotokea nyongani

Pembeni mwa nyonga kuna misuli miwili ya makalio, mmoja wa kati na mmoja mdogo, ambayo kano zake zinashikilia ile nundu ya mfupa wa paja. Kila tunapoinua mguu mmoja kupiga hatua, misuli ya upande wa pili inazuia kiuno kisianguke. Kazi hiyo inafanyika maelfu ya mara kwa siku, kwa hiyo kano hizi zimezoea kubeba. Juu yake unapita utepe mgumu unaoshuka pembeni mwa paja hadi chini ya goti. Paja likivuka mstari wa katikati ya mwili kwenda upande wa pili, utepe unakaza na kuibana kano juu ya mfupa. Kano inavumilia kuvutwa. Inachoshindwa kuvumilia ni kubanwa na kuvutwa kwa pamoja, kwa muda mrefu, siku baada ya siku.

Zamani maumivu haya yaliitwa uvimbe wa kifuko cha maji kilicho juu ya mfupa, na bado cheti kingi kinaandikwa hivyo. Kifuko kinaweza kushiriki, lakini mara nyingi chanzo kikuu ni kano. Wanaougua zaidi ni wanawake kuanzia miaka 40 hivi, na mabadiliko ya homoni baada ya hedhi kukoma yanafikiriwa kuchangia. Kisukari nacho hakisaidii kano.

Sasa mwangalie Hajati mkekani. Magoti kushoto, nyayo kulia: paja la kulia limevuka katikati. Amembeba mtoto ubavuni kulia, kiuno kimesukumwa nje: kano imebanwa. Amelalia kushoto, mguu wa kulia umeanguka mbele ya mwenzake: imebanwa, usiku kucha. Amelalia kulia: godoro linaisukuma moja kwa moja. Amekaa upande kwenye bodaboda: imebanwa tena. Na lile zoezi la kuvuta goti kwenda bega la pili lilikuwa linaibana kwa bidii kila asubuhi. Yote haya aliyafanya kwa nia njema, mengine kwa kuagizwa.

Nilimweleza hivyo kwa kuchora kwenye karatasi na kwa kuweka mkono wake mwenyewe juu ya nyonga huku akivusha paja. Alifikiri kidogo, akasema ni kama ukindu unaokunjwa palepale kila siku, mwisho unakatika. Nilifurahi kwamba ameelewa, lakini sikumwacha na picha hiyo, kwa sababu mtu anayeamini kano yake inakatika ataogopa kuitumia, na kuiogopa ndiko kunakoimaliza nguvu. Nilimwambia ukindu umekufa tangu ulipokatwa. Kano yake iko hai, inalishwa, na ikipewa mzigo kwa kipimo inajijenga. Aliuliza kama itajijenga hata kwa mtu wa umri wake. Ndiyo, ila kwa miezi.

Tafiti zinasemaje

Utafiti ninaoutegemea zaidi unaitwa LEAP, ulichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2018. Ulifanyika Australia kwa watu 204 wenye umri wa miaka 35 hadi 70, wengi wao wanawake, waliokuwa na maumivu haya kwa zaidi ya miezi mitatu. Kundi la kwanza lilipewa elimu na mazoezi, vikao 14 ndani ya wiki 8. La pili lilidungwa sindano moja ya steroidi. La tatu lilipewa maelezo mafupi na kuambiwa lisubiri. Baada ya wiki 8, waliosema hali yao imekuwa nzuri walikuwa takriban 77 kwa mia katika kundi la mazoezi, 58 kwa mia katika kundi la sindano na 29 kwa mia kwa waliosubiri. Baada ya mwaka ilikuwa 79, 58 na 52. Kwa upande wa ukali wa maumivu peke yake, mwaka ulipotimia kundi la mazoezi na la sindano hawakutofautiana. Kwa hiyo sisemi sindano ni sumu. Nasema elimu na mazoezi viliwafikisha watu wengi zaidi mahali pazuri, mapema na hata mwaka mmoja baadaye.

Kuna utafiti mwingine wa Australia wa mwaka huohuo, wa wanawake 94 waliokwisha kukoma hedhi, uliolinganisha mazoezi halisi na mazoezi ya kuigiza yasiyo na mzigo wa maana. Makundi yote mawili yalipewa elimu ileile ya kuilinda kano. Yote mawili yalipata nafuu, na kwa jumla hayakupishana. Wengine wanausoma utafiti huu kama kushindwa kwa mazoezi. Mimi nausoma kama ushahidi kwamba kumfundisha mtu jinsi ya kukaa, kulala na kusimama ni tiba yenye uzito wake.

Wa tatu ni wa Ujerumani, wa mwaka 2009. Baada ya mwezi mmoja, waliodungwa steroidi 75 kwa mia walikuwa vizuri, na waliofanya mazoezi nyumbani 7 kwa mia tu. Baada ya miezi 15 mambo yaligeuka: 80 kwa mia kwa mazoezi, 48 kwa mia kwa sindano. Takwimu hizi ndizo nilizompa binti wa Hajati, kwa sababu zinaeleza hasa alichokiona kwa macho yake, yaani mama kulala wiki sita kisha kurudi palepale, na zinamwandaa kwa mwezi wa kwanza wa mazoezi ambao unaweza usionyeshe kitu. Nikaongeza kwamba steroidi inaweza kupandisha sukari kwa mtu mwenye kisukari. Tulikubaliana sindano isubiri.

Washiriki wa tafiti hizi walikuwa watu wa viti na vitanda, na ushauri wao uliandikwa kwa lugha hiyo: usikunje nne, usiegemee mguu mmoja, weka mto kati ya magoti. Bombo ilibidi tuanze upya.

Kupanga maisha upya

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko popote, na singependa mtaalamu yeyote aharakishe sehemu hii.

Kwanza kazi. Nilipendekeza kiti. Alikataa, na sababu zake zilikuwa nzito: ukindu uliolowekwa unatandazwa chini, kawa kubwa linazungushwa sakafuni, na wanawake wenzake wanasuka wakiwa chini; yeye peke yake juu ya kiti angeonekana anawatawala. Tulijaribu miguu kunyooshwa mbele ikiwa imeachana kidogo, mto mgumu chini ya makalio, kazi ikiwa katikati ya mapaja. Nyonga ilitulia mara moja. Lakini mkao huo haufai mwanamume akiingia. Tukafikia hivi: akiwa na wanawake wenzake, ananyoosha miguu na kujifunika leso, akija mgeni, anahamia kigoda kifupi, magoti yameachana chini ya gauni. Mkao wa zamani haukupigwa marufuku. Ulibaki kwa ajili ya salamu, dua na wageni wa heshima, kwa dakika chache, na ikiwezekana magoti yaelekee kulia badala ya kushoto.

Mkao mzuri ukikaliwa saa tatu bila kusogea nao unageuka kuwa mbaya, kwa hiyo tulihitaji kipimo cha muda. Saa ya simu aliisahau. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: kila anapobadilisha rangi ya ukindu anasimama, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Makawa ya Kinubi yana rangi nyingi, kwa hiyo anasimama mara nyingi.

Usiku ulikuwa na jambo ambalo hakuna karatasi ya ushauri ingelitaja. Hajati hulala ubavu wa kulia kwa kuwa ni sunna, na nyonga inayouma ni ya kulia. Sikumwambia aache, si kazi yangu. Nilimweleza godoro linafanya nini kwa kano, nikamwomba azungumze na shehe anayemwamini. Alirudi na jibu: analala kulia wakati wa kusoma dua zake, kisha anageuka. Akigeuka anakaa chali, magoti juu ya blanketi lililokunjwa, au kushoto akiwa na blanketi hilo kati ya miguu, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Nasisitiza hadi kwenye kifundo, kwa sababu mto mdogo wa gotini unauacha mguu uanguke mbele.

Mtoto alihamia mgongoni kwa leso. Bodaboda ilibaki shida. Hajati hatapanda kwa kutanua miguu, na nisingethubutu kumwomba. Alichoweza ni kupanda taksi kwa safari ndefu na kutembea zile fupi, na bodaboda ikibidi, iwe ya dakika chache. Swala za faradhi hazikubadilika ila kikao, ambacho anakikaa anavyoweza. Dini yenyewe inampa mgonjwa nafasi hiyo. Kusugua mfupa na kuvuta goti kwenda bega la pili kulikoma siku ileile.

Mazoezi

"Mwanangu, mimi nimekuja na ugonjwa, wewe unanipa kazi," alisema nilipomwonyesha la kwanza. Nilimjibu kwamba kazi ndiyo dawa, ila itaanza ndogo kuliko anayoifanya kila siku jikoni.

Tulianza na la kulala chali, magoti yamekunjwa, leso imefungwa kuzunguka mapaja, anasukuma magoti nje taratibu dhidi ya leso na kushikilia bila mguu kusogea, asubuhi na jioni. Linatuliza maumivu na kuamsha misuli bila kuibana kano. Pamoja nalo aliinua makalio kutoka sakafuni kwa miguu yote miwili, na kuinuka kwenye kigoda na kukaa tena polepole. Katika kuinuka nilitaka kitu kimoja: kiuno kibaki sawa, goti lisianguke ndani. Kwake hakuna kioo kirefu, kwa hiyo binti alimfunga leso kiunoni kwa mstari ulionyooka, akasimama mbele yake kuangalia kama mstari unapinda.

Maumivu wakati wa mazoezi niliyaruhusu hadi 4 au 5 kati ya 10, mradi yashuke baada ya kumaliza na usiku wake usiwe mbaya kuliko uliotangulia. Usiku ndio hakimu. Ukiharibika, mzigo ulikuwa mkubwa, tunapunguza, hatuachi.

Kuanzia wiki ya tatu hivi mzigo ulipanda. Tulikata ukanda kutoka tyubu ya baiskeli, akaufunga juu ya magoti na kutembea kiupande ukumbini, magoti yamelegea kidogo. Kuinua makalio kukahamia mguu mmoja zaidi ya mwingine, kisha mmoja peke yake. Akaongeza kupanda kizingiti cha nyumba kwa mguu wa kulia, taratibu, na baadaye kupanda akiwa na jerikeni la lita 5 mkononi. Mazoezi mazito yalikuwa mara tatu kwa wiki, siku ya mapumziko kati yake, mepesi kila siku. Watu wengi huishia kwenye hatua ya leso kwa sababu maumivu yamepungua, na mimi naona hapo ndipo tiba nyingi zinapopotea: kano iliyotulizwa bila kujengwa inarudi kulalamika oda zikiongezeka.

Vikao 14 ndani ya wiki 8 havikuwezekana. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ni gharama halisi, na wataalamu wa fiziotherapia nchini wengi wako mijini. Tulionana kila wiki mwanzoni, kisha kila wiki mbili, na kati yake binti alinitumia video fupi kwa WhatsApp. Video zile zilinionyesha mengi: sakafu yake, kizingiti chake, namna anavyoinuka asipojua anatazamwa.

Harusi ya wiki ya sita

Usingizi ndio uliopona kwanza, kabla ya wiki ya tatu kuisha. Wiki ya sita kukawa na harusi ya Kinubi kwenye ukoo. Hajati alisimama jikoni mchana kutwa, usiku akacheza doluka, ngoma ya Kinubi, akarudi nyumbani kwa bodaboda amekaa upande. Kesho yake maumivu yalikuwa 7 kati ya 10 na hakulala. Binti alipiga simu akiwa na hofu, na sindano ikatajwa tena.

Niliwaambia kwamba kano haikuchanika. Hakuanguka, hakusikia kitu kukatika, na aliweza kusimama kwa mguu wa kulia, ingawa kwa sekunde chache. Alikuwa ameipa nyonga mzigo wa wiki nzima kwa siku moja. Alirudi kwenye zoezi la leso na kuinua makalio kwa miguu yote miwili, akatembea kama kawaida, akalala na blanketi lake, na ukanda wa tyubu ukapumzishwa kwa siku chache. Baada ya wiki moja hivi alikuwa amerudi alipokuwa. Naona tukio hili ndilo lililomfundisha zaidi ya michoro yangu yote, kwa sababu aliyaona maumivu yakipanda na kushuka kwa sababu anayoifahamu, na mkononi alikuwa na la kufanya. Sindano haikutajwa tena.

Hali ilivyo

Wiki ya 12 alisimama kwa mguu wa kulia sekunde 30, maumivu 2 kati ya 10, kiuno kikiwa sawa mpaka kwenye sekunde za mwisho. Alikuwa anasuka asubuhi nzima kwa kusimama kila rangi, na taksi aliipanda bila kushika mlango kwa mikono miwili. Miezi sita baada ya kuanza anafanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki na jerikeni limekuwa la lita 10. Kulalia kulia anaweza kwa muda mfupi tu; zaidi ya hapo nyonga inamkumbusha. Nguvu za upande wa kulia bado hazijaufikia wa kushoto. Oda amezigawa na wanawake wawili wa jirani, jambo ambalo binti hakulipenda mwanzoni lakini amelikubali. Sukari inafuatiliwa na daktari wake.

Kinachotuweka macho sasa ni Ramadhani. Tarawehe ni kusimama kwa muda mrefu baada ya siku ya kufunga, na nimemwona akichoka huegemea mguu wa kulia. Tumepanga aanze mapema kuzoea kusimama kwa miguu yote miwili kwa muda unaoongezwa polepole, mazoezi mazito ayafanye saa moja au mbili baada ya kufuturu na si wakati wa swaumu, na metformini yake ajadiliane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Siku ambayo usiku uliotangulia ulikuwa mbaya, rakaa nyingine ataziswali kwa kukaa, kwa kuwa swala ya sunna inaruhusu hivyo. Nitamwona tena wiki ya kwanza ya Shawwal.